Namba za jela ya kwenu: jinsi ya kuziomba, kuzisoma, na kujua kozi gani itamfaa nani

Mwaka jana vijana fulani wa mtaani walinijia wanataka kufungua darasa la kushona ndani ya jela moja huku Pwani, jina lake nitaliweka mfukoni. Cherehani nane za kupewa wanazo, fundi wanaye, ruhusa ya kuingia wamepata. Nikawauliza kitu kimoja tu, humo ndani waliofungwa ni wangapi na ambao bado wana kesi ni wangapi? Wakaangaliana. "Ni wengi tu." Haya, cherehani zikaingia, darasa likaanza na watu ishirini, mwezi wa nne nikaskia wamebaki watatu, sababu wengi waliojiandikisha walikuwa mahabusu, huyu kwao wamemtolea dhamana, huyu kesi imefutwa, huyu kila wiki mbili yuko kortini, na hao waliofungwa nao walikuwa na vifungo vya miezi miwili mitatu, wakatoka wakiwa wamejua kutia uzi tu.

Hakuna mtu mbaya hapo, si askari si wafungwa. Ni vile hakuna aliyeuliza namba kabla ya kubeba cherehani.

Sasa hii naandikia mtu wa kikundi, wa msikiti ama kanisa, mwandishi anayeanza, ama hata wewe una ndugu ndani na unataka kujua kwa nini hajawekwa kwenye kozi yoyote. Naongea ya Kenya manake ndiko nazijua ofisi. Wa Tanzania na Uganda hesabu ni ile ile, sheria ndio mtaangalia zenu.

Nani hasa anahesabiwa

Ukisikia "jela ina watu 720" usiandike hiyo namba mahali kabla hujaigawanya. Ndani kuna waliofungwa, kuna mahabusu wanaongoja kesi, kuna wachache wa madeni ambao hawakuhukumiwa jinai yoyote, na kwa jela za wanawake kuna watoto. Sheria ya magereza inamruhusu mama kukaa na mtoto wake mpaka afike miaka minne, na huyo mtoto si mfungwa kwa hivo kwenye jumla huwa hayumo, lakini anakula, analala, anaumwa usiku. Ukiandika ripoti ya jela ya wanawake na hukuuliza watoto wangapi, umeacha watu nje ya hesabu na wako ndani ya ukuta.

Namba ambayo askari wenyewe wanaiamini ni ile ya jioni, watu wakishafungiwa. Hiyo ndio lokapu. Ya mchana inakudanganya kwa sababu wengine wako kortini, wengine shambani, wengine hospitali. Ofisi nyingi zina ubao ukutani umeandikwa chaki, unaonyesha jumla na migawanyo, ukibahatika ukaingia ofisi hiyo soma ubao kabla hujakaa.

Halafu kuna "uwezo", yaani jela ilijengwa kwa watu wangapi. Hapa uwe mwangalifu. Jela zetu nyingi ni za mkoloni na hiyo namba ya uwezo mara nyingine ni ya zamani hivo hivo, ama imeongezwa juzi kwa kuongeza vitanda vya juu bila kuongeza ukuta. Uliza uwezo ulipigwa vipi. Msalaba Mwekundu wa kimataifa wanapendekeza mita za mraba 3.4 kwa kila mtu kwenye chumba cha pamoja, so kama unaweza kupata ukubwa wa chumba piga hesabu yako mwenyewe, chumba cha mita 10 kwa 7 ni mita za mraba 70, hao ni watu 20, kama wanalala 60 basi huhitaji mtu akuambie kama pamejaa.

Waliomo na walioingia, hapa ndipo watu wengi wanaanguka

Shirika la takwimu la taifa, KNBS, kila mwaka linatoa kitabu kinaitwa Economic Survey, unakipakua bure kwa tovuti yao, ukifungua sura ya utawala na usalama utakuta majedwali ya magereza. Kizuri sana. Lakini kuna jedwali la wastani wa watu kwa siku na kuna jedwali la watu walioingizwa jela mwaka mzima, na hizi ni hesabu mbili tofauti kabisa, nimeona magazeti yakichukua ya walioingia yakaandika ati jela zetu "zina" watu hao wote. La. Ni kama matatu, waliokaa ndani saa hii ni 14 lakini kwa siku nzima imebeba 200.

Na pia aliyeingia si lazima awe mtu mpya. Mtu mmoja akishikwa mara tatu kwa mwaka kwa chang'aa, vitabu vya kuingilia vitamuandika mara tatu. Na yule yule aliyeingia kama mahabusu akihukumiwa anaandikwa tena kama mfungwa.

Ila ukiwa na namba zote mbili unaweza kufanya ujanja mmoja mtamu sana, huu ndio nataka ushike hata ukisahau mengine. Gawanya waliomo kwa walioingia kwa mwaka. Tuseme (hizi ni namba za mfano tu nimetunga) lokapu yenu kwa kawaida ni 720, mahabusu 410 na waliofungwa 310. Na kwa mwaka mzima waliofungwa walioingia ni 1,500. 310 gawanya kwa 1,500 unapata 0.207 ya mwaka, zidisha na 365, ni kama siku 75. Maanake mfungwa wa kawaida wa jela hiyo anakaa miezi miwili na nusu hivi. Sasa niambie darasa la miezi sita la kushona utamaliza na nani?

Bila shaka wastani unaficha mambo, wapo wa wiki mbili na wapo wa miaka kumi, kwa hivo baada ya hapo uliza wagawanywe kwa urefu wa kifungo, chini ya miezi 3, miezi 3 mpaka 6, 6 mpaka mwaka, mwaka mpaka miaka 3, zaidi ya hapo, na maisha.

Mtego mwingine ni namba kubadilika bila mtu kutoka. Oktoba 2016 rais Uhuru Kenyatta aligeuza hukumu ya kifo kuwa maisha kwa watu 2,747, kabla yake Kibaki alifanya hivo 2009 kwa zaidi ya elfu nne, na 2023 ikafanyika tena. Ukiangalia jedwali utaona wa kunyongwa wamepukutika na wa maisha wamepanda ghafla, ukifikiri kuna kitu kimetokea mitaani. Wako selo zile zile. Na 2020 nayo usiitumie kama mwaka wa kulinganishia, korona ilifanya korti kuachilia maelfu kwa wiki chache ili kupunguza msongamano.

Kama unataka kulinganisha nchi kwa nchi nenda World Prison Brief, iko chini ya Birkbeck, Chuo Kikuu cha London. Utapata jumla, asilimia ya mahabusu, wanawake, na idadi ya wafungwa kwa kila watu 100,000. Angalia tarehe ya kila namba manake nchi nyingine imewekwa ya miaka minne nyuma kando ya nyingine ya mwezi jana.

Kuomba namba za jela moja

Vitabu vya taifa havitakuambia ya jela ya kwenu. Hapo unaandika barua. Katiba kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari zilizo na serikali na kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na kitu watu hawajui, sheria yenyewe inasema maombi yaandikwe kwa Kiingereza ama Kiswahili. Umesoma? Kiswahili. Na kama mtu hajui kuandika anaruhusiwa kuomba kwa mdomo na ofisa ndiye ataandika. Kuomba ni bure, utalipa tu gharama ya kutoa kopi.

Wana siku 21 za kukujibu. Kama habari inahusu uhai ama uhuru wa mtu ni saa 48. Wakikaa kimya mpaka muda ukaisha sheria inahesabu kwamba wamekataa, na wewe una siku 30 kwenda kwa Ofisi ya Ombudsman, ile inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali, kuomba waangalie tena. Mimi barua yangu ya kwanza kabisa ilipigwa danadana, ofisi hii inasema nenda ile, ile inasema rudi na muhuri, kosa langu nilikuwa nimeandika "naomba takwimu za wafungwa" basi, barua ya namna hiyo inajibiwa na nani? Omba vitu vidogo, vilivyo na tarehe, vinavyotoka kitabu ambacho tayari kipo. Iwe hivi:

"Kwa Ofisa Msimamizi, Gereza la ______.
KUH: Maombi ya habari chini ya Sheria ya Kupata Habari, 2016.
Mimi ni raia wa Kenya, kitambulisho namba ______. Naomba idadi tu, bila majina wala namba za wafungwa, kama ilivyokuwa lokapu ya jioni ya tarehe 30 Juni mwaka huu:
jumla ya watu. Waliofungwa na mahabusu. Wanaume, wanawake, na watoto walio na mama zao. Mahabusu kwa muda waliokaa, chini ya mwezi 1, mwezi 1 mpaka 6, miezi 6 mpaka mwaka, zaidi ya mwaka. Mahabusu kwa aina ya kosa. Waliofungwa kwa urefu wa kifungo.
Pia, kwa miezi 12 iliyoishia tarehe hiyo: walioingia, waliotoka, na kwa kila kozi au karakana, walioandikishwa, waliomaliza na waliofanya mtihani.
Nitashukuru kupokea kopi ya majedwali yaliyopo hata kama hayakupangwa hivi."

Hiyo sentensi ya mwisho usiitoe, imeniokoa. Ofisa akiona lazima aache kazi akupangie jedwali jipya atakuweka chini ya faili, akiona anaweza kukutolea kopi ya ripoti yake ya mwezi anakupa ukaenda zako. Peleka mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo.

Na kwa nini aina ya kosa kwa mahabusu? Kwa sababu Katiba kifungu cha 49 inasema mtu asiwekwe rimandi kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu ama kifungo kisichozidi miezi sita. Ukipata jedwali ukaona kuna watu 30 wako ndani kwa kesi za aina hiyo, hao hawahitaji kozi ya useremala jamani, wanahitaji mtu wa kusimama mbele ya hakimu.

Sasa kozi

Mahabusu hajahukumiwa, huwezi kumlazimisha kazi. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, nambari 116, zinasema apewe nafasi ya kufanya kazi akitaka lakini asilazimishwe, na akifanya alipwe. Kwa jela zetu karakana ni za waliofungwa, mahabusu anakaa. Anakaa mwaka, miaka miwili. Halafu anahukumiwa, na hapa hesabu inakuwa ya kuchekesha kama haingekuwa ya kuliza. Kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa jinai kinataka muda wa rimandi uhesabiwe. Na sheria ya magereza inampa mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja kupunguziwa theluthi moja kwa tabia njema na bidii, isipokuwa wa maisha na wengine wachache waliotajwa. Kwa hivo mtu kapewa mwaka na nusu, theluthi ikitoka ni mwaka, alishakaa rimandi miezi tisa, amebaki na mitatu. Amekaa jela mwaka mzima na kwa kitabu cha karakana alikuwepo miezi mitatu tu, hata cheti cha kwanza cha NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, hatafikia.

Ndio maana nasema usimuulize bosi wa jela "wafungwa wenu wanapenda kozi gani", muulize waliobakisha zaidi ya miezi minane ni wangapi. Hao ndio wa useremala, ufundi wa magari, uchomeleaji, wale watakaofika kufanya mtihani wa daraja la tatu la NITA, na hao ndio wa kusajiliwa mitihani ya shule, KCPE zamani na KCSE. Naivasha, Kamiti na Shimo la Tewa ni jela kubwa za vifungo virefu na mambo haya yanawezekana, Kamiti ndiko zinakotengenezwa namba za magari unazoziona barabarani, na huko na kwenye jela ya wanawake ya Lang'ata kuna wafungwa waliosomea sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani, kupitia shirika la Justice Defenders ambao zamani waliitwa African Prisons Project.

Wa miezi miwili mitatu wape kitu kinachoisha. Sabuni, kuoka mkate, mbolea ya mboji na bustani, kutengeneza cherehani iliyoharibika badala ya kujifunza kushona suti. Shirika la RODI Kenya wamefanya ya kilimo na sabuni na wafungwa kwa miaka, na ukiangalia ni kazi ambazo mtu akitoka Jumatatu Jumatano ameanza na mia tano mfukoni. Kusoma na kuandika pia gawanya vipande vya wiki mbili, kila kipande kiwe kizima peke yake, asiyekuwepo wiki iliyopita asijione mgeni.

Wa maisha wanasahaulika kwenye mipango yote manake wafadhili wanataka "kurudi kwenye jamii". Lakini hao ndio hawaondoki! Wafunze hao kuwa walimu. Jela niliyoona darasa limedumu kuliko yote mwalimu wa hesabu alikuwa wa maisha, wafadhili watatu walikuja wakaenda yeye bado yuko na chaki.

Na mahabusu, kitu cha maana zaidi ni sheria yenyewe. Kumfundisha aombe vipi masharti ya dhamana yapunguzwe, aseme nini hakimu akimpa nafasi, ripoti ya ofisa wa probesheni ni nini na aongee naye vipi. Ukaguzi wa mfumo wa jinai uliotolewa na NCAJ, baraza la taifa la usimamizi wa haki, mwaka 2017 ulisema wazi kwamba mfumo huu unawabana zaidi maskini, na ukikaa na mahabusu asubuhi moja utaona, mtu ana dhamana ya elfu ishirini na kwao hakuna hata mbuzi.

Kupima kama kozi imefanya kazi

Weka vitabu vinne, si kimoja. Waliojiandikisha, waliohudhuria zaidi ya nusu ya vipindi, waliomaliza, na walio wapi miezi sita baada ya kutoka. Ripoti nyingi zinaishia kitabu cha kwanza, "tumefikia wafungwa 300", kumbe ni wale wale 60 wamejiandikisha mara tano tano sababu siku ya uzinduzi kulikuwa na soda.

Kitabu cha nne ni kigumu. Utahitaji namba ya simu ya mama ama dada yake kabla hajatoka, kwa ridhaa yake, na urafiki na ofisi ya probesheni manake wao wanafuatilia waliotoka. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, sio mapambo, daftari lenye majina ya waliokuwa jela likipotea kwa matatu umeharibia watu kazi na ndoa. Na kwenye ripoti ya nje kama kundi lina watu chini ya watano usiandike namba kamili, jela ndogo yenye mama wawili wenye watoto kila mtu mtaani anajua ni nani.

Kuhusu wanaorudi jela, usichukue asilimia ya walio ndani ambao walishawahi kufungwa ukaiita asilimia ya wanaorudi. Wale wanaotoka hawarudi tena hawapo ndani uwahesabu, wako zao nyumbani. Unaanza na waliotoka mwaka fulani, unawafuata, unaona wangapi wamefungwa tena ndani ya mwaka mmoja ama mitatu.

Na usidanganywe na asilimia kubwa. Mwaka 2013 shirika la RAND la Marekani lilijumlisha tafiti nyingi za elimu ya jela, ikatoka habari dunia nzima ati kusoma jela kunapunguza wanaorudi kwa asilimia 43. Ni kweli, lakini hiyo 43 ni uwiano wa wanaorudi kwa wasiorudi ulivyopungua kwa waliosoma. Ukihesabu kwa vichwa, wanaopungua ni kama watu 13 katika kila 100. Ambayo bado ni kubwa sana, ila mfadhili ukimuahidi 43 utakuja kulia. Halafu wanaojiandikisha darasani mara nyingi ndio wale walikuwa wameshaamua kubadilika, kwa hivo linganisha na watu wa kosa na kifungo kinachofanana, usilinganishe na jela nzima.

Ukishazipata, peleka wapi

Kila korti ina kamati ya watumiaji wa mahakama, hakimu, polisi, magereza, probesheni na watu wa mashirika wanakaa meza moja. Peleka karatasi moja hapo, moja tu, mahabusu waliopita mwaka mmoja ni wangapi na waliofungwa chini ya miezi sita ni wangapi. Hao wa pili ni wa kuuliza kwa nini hawakupewa kazi za jamii, sheria ya 1998 inaruhusu kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu. Mpe bosi wa jela kopi siku mbili kabla ya mkutano, tafadhali, asishtukizwe mbele ya hakimu kwa namba zake mwenyewe, maana mwezi ujao utamhitaji akufungulie geti.

Wale vijana wa cherehani walirudi. Sahi wana kozi ya siku kumi, kurekebisha zipu, kupunguza suruali na kufungua cherehani iliyokwama, na mwalimu wao ni mfungwa amebakisha miaka sita. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi mmoja wao anaenda kunakili ubao wa ofisini, tarehe na saa juu ya ukurasa, kwa mkono, simu anaiacha getini.